Maswali ya Wasomaji: Kaa wa Kombe, Kaa wa Nazi na Kaa Mfalme

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza habari za kaa wasiofanana na kaa wa mikokoni. Yule anayetembea na kombe la konokono mgongoni ana jina lake kila mji wa pwani, kwa hiyo humu tumemwita kaa wa kombe, tusipotezane.

*Wanafunzi wangu wa darasa la sita walihesabu miguu ya kaa wa kombe, magando pamoja, wakapata sita. Kaa wa mikokoni ana kumi. Hiyo minne iko wapi? Na huyu ni kaa kweli? – Mwalimu, Kilwa Masoko*

Mwalimu, wanafunzi wako wamehesabu vizuri. Magando mawili na miguu minne ya kutembelea ndiyo inayoonekana. Minne iliyobaki imo ndani ya kombe. Imefupika ikawa kama vijiti, na ncha zake zina ngozi ya kukwaruza kama tupa. Kazi yake ni kusukuma ukuta wa kombe kutoka ndani ili nyumba isichezecheze. Nyuma kabisa, mwisho wa tumbo, zipo kulabu mbili, ya kushoto kubwa kuliko ya kulia. Kwa hizo kaa hujifunga kwenye nguzo inayopita katikati ya kombe. Ndiyo maana mtoto akimvuta kwa nguvu hubaki na nusu ya kaa mkononi. Kaa huyu huona heri akatike kuliko kuachia.

Tumbo lake halina gamba. Ni laini kama ulimi, na limejipinda kuelekea kulia. Sababu yake mnaweza kuiona darasani bila kumgusa kaa yeyote. Chukueni makombe matupu ya aina mbalimbali, mkayashike ncha ikiwa juu na mdomo ukiwatazama. Karibu yote mdomo utakuwa upande wa kulia. Konokono wamejenga nyumba za mkono huo, naye mpangaji akaota mwili wa kuzifuata. Kujipinda huko kumefika hadi kwenye uzazi: vijibawa vya kushikia mayai jike anavyo upande wa kushoto wa tumbo peke yake. Kumbuka jambo hili, tutalirudia kwenye kaa mfalme.

Swali la kama ni kaa kweli: wataalamu hutenga makundi mawili. Kaa halisi, kama wa mikokoni, wamekunja mkia bapa chini ya kifua. Kundi la pili huitwa Anomura, na humo wamo kaa wa kombe (aina zaidi ya 1,000), kaa wa nazi, kaa mfalme, vidudu vya mchanga wa mawimbini, na vikaa bapa vilivyojibana chini ya mawe ya pwani. Hivyo vya mwisho hudanganya hata watu wazima, maana kwa umbo ni kaa mtupu. Mwambie mwanafunzi ahesabu: nyuma ya magando ataona jozi tatu tu za miguu, si nne. Kisha atazame papasi ndefu, zile kama nywele za kupapasia kichwani. Kwa hawa huota upande wa nje wa macho, ilhali kaa halisi papasi zake ziko kati ya macho. Msivishike kwa gando. Kikaa bapa hukata gando lake mwenyewe, akakuachia likiendelea kubana, naye ameshakimbia.

Kumwona kaa wa kombe akitoka, mwekeni katika beseni lenye maji ya bahari kina cha sentimita tano, mdomo wa kombe ukiwa juu, halafu kila mtu atulie. Baada ya dakika chache atajitokeza kutafuta pa kukanyaga ili ajigeuze. Hapo ndipo miguu ya nyuma huchungulia. Kivuli cha kichwa kikimpitia hurudi ndani, na itabidi kungoja upya.

*Mwanangu alileta nyumbani kaa wa kombe wa nchi kavu, tukamweka kwenye ndoo yenye maji ya bomba na mkate. Siku ya nne alikufa. Tulikosea wapi? – Mama Rahma, Bububu*

Pole, Mama Rahma, na umpe pole mtoto. Kosa lilikuwa kwenye maji, mara mbili.

Kwanza, kaa wa nchi kavu, wa jamii ya Coenobita, hazamishwi. Ana matamvua, lakini yamepungua na hufanya kazi yakiwa na unyevunyevu katika hewa. Ukimweka chini ya maji muda mrefu hufa kwa kukosa pumzi kama wewe na mimi. Yakikauka kabisa nayo hufa. Anachohitaji ni hewa yenye unyevu. Pili, maji ya bomba mengi yana klorini, nayo huchoma matamvua hayo.

Kama darasa au mtoto anataka kumtazama kwa siku chache, fanya hivi. Tafuta ndoo pana au sanduku la plastiki lenye mfuniko uliotobolewa. Tia mchanga wa pwani uliolowa kiasi cha kufinyangika ngumi, usiochuruzika, kina kisichopungua sentimita 15. Weka visahani viwili vifupi, kimoja cha maji ya bahari na kimoja cha maji ya mvua au ya kisima, kila kimoja na jiwe la kupandia ili asizame. Anatumia yote mawili: huchota kidogo akayahifadhi ndani ya kombe, akichanganya mwenyewe chumvi anayoitaka. Mpe tunda, dagaa, kipande cha nazi, majani makavu ya pwani. Mkate una chumvi na hamira, hauna faida kwake. Weka mahali pa kivuli, kamwe si dirishani penye jua.

Jambo wanalolisahau wengi ni makombe ya akiba. Weka matatu au manne matupu, mdomo wa mviringo, ukubwa wa mdomo ukizidi kidogo gando kubwa la kushoto. Gando hilo ndilo mlango wake. Akijirudisha ndani lazima lizibe tundu sawasawa. Usimpe kombe lililopakwa rangi: rangi hubanduka akaila.

Akijifukia mchangani asionekane kwa wiki kadhaa, hajafa. Anajivua gamba. Wakati huo mwili wake wote ni laini, na gamba la zamani ndilo chakula chake cha kupata chokaa ya gamba jipya. Ukimchimbua umemuua. Mfu hujulikana kwa harufu kali ya samaki aliyeoza.

Ushauri wetu ni siku tatu, kisha mrudishe ufukwe uleule, jioni. Hawa hawazaliani ndani ya ndoo. Jike lazima afike baharini kuachia mayai, na vitoto vyake huelea majini kwa majuma kadhaa kabla ya kutafuta kombe la kwanza, dogo kama punje ya mchele.

*Natumia kaa wa kombe kama chambo cha mshipi. Nikimpasua kwa jiwe nyama inavurugika, na kwenye ndoana inatoka upesi. Kuna njia bora? Halafu kuna wale wakubwa wenye kitu kama ua juu ya kombe, wananiwasha mikono. – Mvuvi, Jibondo*

Sehemu inayovuta samaki ni lile tumbo, kwa sababu ini na mafuta yote yamo humo. Na ndiyo sehemu isiyoshika ndoana. Tafuta ugumu penye kifua: ingiza ndoana katikati ya miguu, itokezee kifua kinapoungana na tumbo, kisha zungusha uzi mwembamba mara nne au tano kushikilia tumbo kwenye shina la ndoana. Changu atameza vizuri. Kikande atadonoa na kukumalizia chambo hata ufunge namna gani. Palipo na kikande wengi hama.

Kuhusu kumtoa, jiwe ni njia mbaya. Vipande vya kombe hulikata tumbo, mafuta yanamwagika kabla hujafika kilindini, na nyumba nzima imepotea. Shika kombe kwa koleo, mdomo ukitazama chini, ncha yake iguse kaa la moto kwa sekunde chache. Joto likimfikia nyuma hutoka mwenyewe, mzima. Usichelewe kumtoa motoni, akiiva hung'ang'ania. Usipokuwa na moto, toboa tundu dogo penye ncha na umtekenye kwa njiti ya ukuti.

Kombe likibaki, lirudishe mwambani palepale ulipomchukua. Hili tunaliomba kwa dhati, na lina faida kwako. Kaa wa kombe hawezi kujijengea nyumba. Idadi yao mahali hutegemea makombe ya konokono waliokufa, na hayo huwa machache kuliko wanaoyahitaji. Mwenye kombe linalombana hukua polepole, jike hutaga mayai machache, na pweza humpata kwa urahisi. Ukilirudisha kombe moja kubwa, mara nyingi huwanufaisha wengi kwa mpigo. Anayelihitaji huja, akalipima mdomo kwa magando, akaingiza papasi ndani. Wengine hujikusanya, na pengine hupangana kwa ukubwa, mkubwa mbele. Wa kwanza anapohama, wa pili anaruka ndani ya lake, wa tatu ndani ya la pili, mpaka linabaki kombe dogo ambalo halina wa kulitaka. Yote hayo kwa muda wa kuhesabu, kwa sababu aliye nje ya kombe ni tumbo tupu mbele ya samaki.

Wakubwa wenye "ua" waache. Lile ni mnyama laini mwenye minyiri inayowasha, na kaa ndiye aliyempandisha. Akihamia kombe jipya humpapasa na kumgongagonga rafikiye mpaka aachie, kisha humbeba akambandika kwenye nyumba mpya. Pweza akinyoosha mkono huwashwa akaurudisha. Mnyama naye anapata makombo ya chakula na usafiri. Ukishawashwa, osha mikono kwa maji ya bahari, usisugue.

*Je, ni kweli kaa wa nazi hupanda mnazi akaangua nazi? Na nyama yake ina madhara? Hapa kwetu wamepungua mno. – Msomaji, Pemba*

Hupanda, tena vizuri. Lakini nazi nyingi anazokula ni zilizokwisha anguka. Huzifua kwa subira: huvuta makumbi uzi baada ya uzi, akianzia upande wenye yale macho matatu ya kifuu, kisha hutoboa jicho moja na kupanua. Kazi hiyo huweza kuchukua saa nyingi, hata zaidi ya siku. Nguvu anayo. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walichapisha vipimo vya kaa wa Okinawa, na aliyebana zaidi alifikisha niutoni 1,765, yaani kama kuwekewa mzigo wa kilo 180 juu ya kidole. Usimkaribie kwa mkono mtupu. Akishakubana, kumvuta kunazidisha.

Huyu ni kaa wa kombe aliyeachana na kombe. Utotoni hubeba kombe kama jamaa zake. Tumbo likishaota gamba gumu huliacha, na kwa kuwa hana tena nyumba ya kumbana anaweza kukua hadi kilo nne. Ila hukua taratibu mno. Huanza kuzaa akiwa na miaka mitano hivi, na umbo la mwisho hulifikia baada ya miaka 40 au zaidi. Yule mkubwa anayeuzwa kwa bei ya chakula cha usiku mmoja amekaa kisiwani kuliko watu wengi wazima. Ndiyo maana wanapungua: wanaovuliwa kwanza ni wakubwa, na pengo lao halizibiki kwa mwaka wala kwa miaka kumi. Kimataifa amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Kisiwa cha Chumbe, Unguja, kilichohifadhiwa tangu 1994, ni mojawapo ya mahali ambapo bado anaonekana usiku bila taabu.

Akikamatwa, mgeuze. Vijibawa vitatu vyenye manyoya upande wa kushoto wa tumbo ni alama ya jike: muachie. Shimo lake likiwa limezibwa kwa udongo kutoka ndani yumo kujivua gamba, usilichimbe. Sisi tungependa asivuliwe kabisa visiwa vidogo.

Madhara ya nyama yapo. Kaa huyu hula matunda ya aina nyingi, yakiwemo ya mti wa pwani uitwao Cerbera manghas, wenye sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Kaa haimdhuru, lakini hubaki mwilini mwake, hasa matumboni. Huko Kaledonia Mpya watu wamekufa baada ya kumla. Kupika hakuondoi sumu hiyo.

*Naishi Tromsø, Norwei. Madukani kuna miguu mikubwa ya kaa, huku wanaita kongekrabbe. Ni jamaa wa kaa wetu? Na unapikaje bila kuharibu, maana bei yake ni kilio? – Salma*

Bi Salma, huyo kaa mfalme ni jamaa wa karibu wa yule kaa mdogo anayetambaa na kombe huku kwetu. Mpindue jike umtazame tumbo: vipande vya gamba vya upande wa kushoto ni vikubwa kuliko vya kulia. Ni alama ya mababu waliojipinda ndani ya makombe. Mwaka 1992 uchunguzi wa vinasaba uliunga mkono ukoo huo. Na ukihesabu miguu, nyuma ya magando utapata sita. Jozi ya mwisho ni nyembamba, imefichwa chini ya gamba, na jike huitumia kusafisha mayai.

Huko si kwao. Asili yake ni bahari za baridi baina ya Japani, Urusi na Alaska. Wataalamu wa Kisovyeti walimpandikiza bahari ya Barents miaka ya 1960 wapate uvuvi mpya, akaenea hadi Norwei. Serikali ya huko imegawa pwani kwenye longitudo 26: mashariki yake anavuliwa kwa mgawo, magharibi yake anavuliwa bila kikomo, kwa sababu hula kila kitu sakafuni na hawataki asonge mbele.

Dukani chagua mguu ambao gamba lake limechakaa na kukwaruzika. Gamba safi linalong'aa ni la kaa aliyejivua karibuni: bomba kubwa, nyama nyembamba yenye maji. Ubonyeze kwenye kiungo kikubwa. Ukibonyea kirahisi, uache.

Ile iliyogandishwa kwa kawaida imeshachemshwa kwenye maji ya chumvi. Kwa hiyo hupiki, unapasha. Iyeyushe ndani ya friji usiku kucha juu ya chujio, isilale ndani ya maji yake. Itie kwenye mvuke dakika tano hadi saba. Ukizidisha, inakuwa mpira. Kwa mchuzi wa nazi, pika mchuzi peke yake mpaka uive, usitie chumvi, kisha tumbukiza nyama dakika tano za mwisho na uonje. Mgeni anayevimba akila kamba asile na huyu, kwani kinachomdhuru ni kilekile.

*Mawimbi yakirudi naona vidudu kama mayai vinajifukia mchangani. Ni nini? – Juma, Diani*

Ni ndugu wa kaa wa kombe, jamii ya Hippa. Havina magando. Miguu imekuwa majembe, na huchimba kinyumenyume kwa sekunde mbili tatu. Hula viwavi wa baharini na mizoga inayoletwa na wimbi. Ni chambo kizuri. Vihifadhi kwenye mchanga uliolowa chini ya kivuli, kwani kwenye ndoo ya maji yaliyotuama hufa kwa kukosa hewa.

*Kikundi chetu husafisha ufukwe kila mwezi. Tumekuta dumu limejaa kaa waliokufa na makombe yao. Waliingiaje wengi hivyo? – Vijana wa Msambweni*

Kaa wa nchi kavu huingia kutafuta kivuli, maji au chakula. Dumu likilala mdomo umeinuka, kuta za plastiki humtelezesha asitoke. Akifa, harufu yake huwatangazia wenzake kwamba kombe limebaki wazi, nao huja kulichukua. Kila aliyekufa huita wengine. Watafiti walikuta chombo kimoja chenye kaa 526. Kwa visiwa vya Cocos, bahari ya Hindi, na kisiwa cha Henderson, Pasifiki, walikadiria kaa wanaokaribia 570,000 waliofia ndani ya plastiki.

Kwa hiyo anzeni na vyombo vyenye mdomo, hasa vilivyokwama kwenye majani na vichaka juu ya mstari wa maji ya bamvua. Vipande vya mifuko vinaweza kungoja, dumu haliwezi. Kabla ya kutia gunia, lipindueni na kulitikisa juu ya mchanga. Likiwa na shingo nyembamba, likateni kwa kisu ubavuni. Chombo msichoweza kukibeba siku hiyo kizibeni kifuniko, au kilazeni mdomo ukielekea chini ya mteremko. Vifuniko vya chupa vinavyotembea viacheni mahali pake: yumo kaa aliyekosa kombe, na kumpokonya ni kumwacha uchi juani. Mwekeeni kombe la ukubwa unaofanana karibu yake, atahama mwenyewe.

Na yale makombe ya waliokufa msiyabebe na taka. Yasuuzeni kwa maji ya bahari, yatawanyeni chini ya vichaka penye kivuli mnapomaliza kazi jioni. Wenyewe hutoka usiku.